Pentekoste Isiyokumbuka Utumwa

Kila mwaka, mvua ya masika inapoanza kupungua na mawingu kuinuka juu ya vilele vya Uluguru, sisi Wakristo wa nchi hii huadhimisha sikukuu ya Pentekoste. Tarehe yake hubadilika, kwa kuwa huifuata Pasaka. Haiji kabla ya tarehe 10 Mei, wala haipiti tarehe 13 Juni. Watu huvaa nguo zao nzuri, watoto huimba, jamaa hutembeleana, na jioni moto huwaka katika kila ua. Hayo yote ni mema, wala sikushika kalamu ili niyalaumu.

Nalaumu jambo moja. Twaiadhimisha siku hiyo, na siku nyingine za ukumbusho wa misheni zetu za kale, kana kwamba wale waliotutangulia mahali hapa walikuwa watu huru tangu mwanzo. Sivyo. Wengi wao walikuwa watumwa. Basi sikukuu inayofanywa mahali pa historia bila kuwataja wale ambao jasho lao limo katika udongo wa mahali hapo, nasema ya kuwa ni karamu tu, si ukumbusho.

Najua wako watakaokasirika kwa maneno haya. Mmoja atasema, siku ya furaha haifai kuharibiwa kwa habari za huzuni. Wa pili atasema, kuyachimbua mambo hayo ni kuwaaibisha watu. Wa tatu atasema, ngoma na habari za kale ni mambo ya washenzi. Nitawajibu wote watatu. Lakini kwanza nawaomba, ndugu wasomaji, msafiri nami mpaka Marekani, katika bonde la mto Hudson, kwa sababu huko Pentekoste na utumwa vilikutana katika uwanja mmoja mbele ya macho ya watu wote; na mtu akisha kuyaona ya mbali, huweza kuyatazama ya nyumbani kwake kwa macho mapya.

Waholanzi walianza kukaa katika bonde hilo mwaka wa 1624. Waingereza waliwanyang'anya nchi mwaka wa 1664, wakaiita New York, lakini Waholanzi walibaki na mashamba yao, lugha yao, kanisa lao, na sikukuu zao. Sikukuu yao kubwa wakati wa maua ilikuwa Pentekoste, nao waliiita Pinkster. Ndilo neno lile lile Pentekoste, lililogeuka katika kinywa cha Kiholanzi. Huko kwao baridi huua majani yote kwa miezi mingi. Basi Pentekoste ilipofika, theluji ilikuwa imekwisha, miti imechipua, na liko ua moja la porini ambalo mpaka leo huitwa kwa jina la sikukuu hiyo. Watu walisali siku ya Jumapili, na siku zilizofuata waliacha kazi, wakala, wakanywa, wakatembeleana.

Lakini Waholanzi hao walikuwa na watumwa. Tangu miaka ya 1620 walileta Waafrika, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Na mwishoni mwa karne ya 17 wafanyabiashara wa New York walipeleka merikebu mpaka Madagaska, kisiwa kilicho katika bahari yetu wenyewe, wakanunua watu huko. Mtumwa wa bonde la Hudson mara nyingi hakukaa na wenzake wengi kama katika mashamba makubwa ya pamba ya kusini. Alikaa mmoja, au wawili, au watatu katika nyumba ya bwana, akilala jikoni au darini. Mume aliweza kuwa katika shamba hili, mke katika shamba jingine, na mtoto ameuzwa mbali. Kwa hiyo Pinkster ilikuwa kwao neema kubwa, maana ndizo siku walizopewa ruhusa ya kutoka, nao walizitumia kutafutana. Mama alimwona mwanawe. Mtu wa Kongo alimsikia mtu wa Kongo.

Katika mji wa Albany walikusanyika juu ya kilima, nacho kikaitwa Kilima cha Pinkster. Huko alikuwako mzee aliyejulikana kwa jina la Mfalme Charles, naye ilisemwa ya kuwa alizaliwa Angola. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa. Lakini katika siku hizo alivaa koti jekundu lenye nyuzi za dhahabu, akaongoza ngoma, na watu wote, weusi kwa weupe, walimpisha njia. Na ngoma yenyewe, je? Mtu mmoja aliyeiona katika utoto wake aliandika baadaye ya kuwa ilitengenezwa kwa mgono wa kukamatia mikunga, mdomo wake ukafunikwa kwa ngozi ya kondoo iliyovutwa sana. Tazama hekima ya watu hao! Hawakuwa na mti wao wa kuchonga ngoma, hawakuwa na fundi wao, hawakuwa na nchi. Walichukua chombo cha kuvulia samaki cha ugenini, wakakifanya kiseme maneno ya kwao.

Ndivyo sikukuu ya mabwana ilivyogeuka kuwa sikukuu ya watumwa. Hata mwanzoni mwa karne ya 19, katika Albany, mtu akisema Pinkster, wengi walifikiri kwanza ngoma ya watu weusi, si ibada ya Waholanzi.

Sasa sikilizeni mambo matatu yaliyoipata sikukuu hiyo, maana katika hayo matatu mna fundisho letu.

Jambo la kwanza, ilinyamazishwa. Mwaka wa 1811 halmashauri ya mji wa Albany ilitoa amri ya kukataza vibanda, ngoma na maandamano ya Pinkster. Sababu iliyotolewa ilikuwa fujo na ulevi. Sikatai ya kuwa ulevi ulikuwako. Mahali penye vibanda vya pombe walevi hawakosekani, wala hawakosekani kwetu. Lakini angalieni mpango wa mambo. Utumwa katika jimbo la New York haukukomeshwa kabisa mpaka tarehe 4 Julai 1827. Maana yake, wakubwa wa mji ule waliona ngoma ya watumwa kuwa ni uovu wa kuondolewa upesi, lakini utumwa wenyewe waliuona waweza kungoja miaka 16 zaidi! Kilima kile leo kimebeba jumba kubwa la serikali ya jimbo. Amri ile ilikuja kufutwa mwaka wa 2011, baada ya miaka 200, wakati ambapo hakuna hata mmoja wa waliokatazwa aliyeweza kuisikia habari hiyo njema.

Jambo la pili, ilitumiwa kama kamba. Hapa ndugu zangu wapenda ngoma wasifurahi mapema, maana si kila ruhusa ya kucheza ni uhuru. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland akatoroka, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1845 juu ya siku za mapumziko walizopewa watumwa wakati wa Noeli. Alisema ya kuwa mabwana walizitoa kwa hila: mtu akila na kulewa siku chache, uchungu wake hupungua, na wazo la kuasi hulala. Na katika bonde lile la Hudson alikuwako mwanamke jina lake Isabella, ambaye baadaye alijulikana po pote kwa jina la Sojourner Truth. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Mwaka wa 1826 aliondoka kwa bwana wake, amembeba mtoto wake mchanga, akapata kimbilio kwa watu wema. Lakini Pinkster ilipokaribia alianza kuikumbuka ngoma, na wenzake, na vicheko, hata akatamani kurudi katika nyumba ya utumwa ili asiikose sikukuu. Hakurudi, yeye mwenyewe alisimulia ya kuwa Mungu alimzuia. Habari hiyo imo katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa mwaka wa 1850. Nani asiyewakumbuka wana wa Israeli, ambao jangwani waliitamani nyama ya Misri, wakaisahau fimbo ya Misri? Sikukuu isiyokumbuka utumwa yaweza kumrudisha mtu utumwani huku akicheza.

Jambo la tatu, imefufuliwa. Na hili ndilo lituhusulo zaidi. Karibu na mji wa New York, mahali paitwapo Sleepy Hollow, iko nyumba ya kale na kinu cha maji cha kusagia nafaka, vilivyokuwa mali ya ukoo wa Philipse. Frederick Philipse alitoka Uholanzi akiwa seremala. Akafanya biashara, akawa tajiri mkubwa kuliko karibu wote wa nchi ile, na katika biashara zake mlikuwamo kununua watu Madagaska. Mwanawe, Adolph, alipokufa mwaka wa 1750, mali yake iliandikwa. Na pamoja na ng'ombe, na meza, na sufuria, waliandikwa watu 23. Ndio waliosaga unga, waliotengeneza siagi, waliopakia mashua. Aliyesimamia kinu alikuwa mtumwa jina lake Caesar. Hao walikaa katika nyumba ile kuliko bwana wao, maana Adolph mara nyingi alikuwa mjini.

Nyumba hiyo ilitengenezwa upya na kufunguliwa kwa wageni katika miaka ya 1940. Kwa muda mrefu mgeni aliyekwenda huko alionyeshwa hasa vyombo vizuri vya Kiholanzi, na kinu, na habari za ukoo wa Philipse. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, watunzaji wa mahali hapo waligeuza mafundisho yao, wakaanza kusema waziwazi: mahali hapa palijengwa na kuendeshwa kwa mikono ya Waafrika watumwa, na haya ndiyo majina yao. Na Pinkster ikafanywa huko tena, penye ngoma, na masimulizi, na vyakula, na maua.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Nyumba ni ile ile. Kinu ni kile kile. Maua ni yale yale. Mwaka mmoja mgeni aliondoka akisema, “Waholanzi walikuwa watu safi na hodari.” Mwaka mwingine aliondoka akisema, “Watu 23 waliishi hapa, nao waliandikwa pamoja na sufuria.” Tofauti haikuwa katika mawe, ilikuwa katika vinywa vya waliomwongoza. Basi nauliza: sisi vinywa vyetu vyasema nini?

Turudi nyumbani. Njia kuu ya misafara kutoka Tabora na Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita hapa Morogoro, chini ya milima yetu. Pembe za ndovu zilipita, na watu waliofungwa walipita. Hapa palikuwa na mji wa Kisabengo, Mzigua, wenye ukuta wa mawe na minara. Stanley aliuona mwaka wa 1871 akausifu. Lakini Stanley huyo, na Burton aliyepita nchi hii mwaka wa 1857, waliandika pia ya kuwa Kisabengo alipata nguvu kwa kuwateka watu wa jirani. Watu wa milimani walikuwa katika hao walioonewa. Kwa hiyo haifai kusema ya kuwa utumwa ulikuwa habari ya Mwarabu na Mzungu peke yao, nasi tulikuwa watazamaji. Mikono ya kwetu ilikuwamo, na shingo za kwetu zilikuwamo.

Tarehe 4 Machi 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni yao Bagamoyo. Waliwakomboa watoto katika soko la Unguja, wakawaleta huko, wakawafundisha kusoma, kulima, useremala na uhunzi. Watoto walipokua, walioana, wakapewa nyumba katika kijiji cha Kikristo, wakaishi chini ya kengele ya misheni. Kutoka hapo baadhi yao walipelekwa bara pamoja na mapadre kuanzisha vituo vipya: Mhonda mwaka wa 1877, penye milima ya Nguru, Morogoro mwaka wa 1882. Msomaji, fahamu maana ya jambo hili. Wakristo wa kwanza walioimba Pentekoste chini ya Uluguru hawakuwa watoto wa masultani. Walikuwa watu walionunuliwa kwa fedha sokoni.

Na liko jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lingepasa kusomwa katika kila shule. Mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa sahihi na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873. Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 13 Aprili. Hesabu siku zake, nawe utaona Pentekoste ilikuwa tarehe 1 Juni. Basi soko lile lilifungwa Alhamisi, katika juma lile lile la Pentekoste! Sisemi ya kuwa utumwa ulikwisha siku hiyo. Misafara ya bara iliendelea. Unguja hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria mpaka mwaka wa 1897. Huku bara Wadachi waliagiza tu ya kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka wa 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ulikatazwa katika Tanganyika mwaka wa 1922, chini ya Waingereza. Lakini nasema hivi: kama Waholanzi wa Hudson walikuwa na Pinkster yao, sisi tunayo sababu kubwa kuliko wao ya kuiita Pentekoste sikukuu ya waliofunguliwa.

Je, twafanya hivyo? Nendeni Bagamoyo mkatazame. Mnara wa kanisa la kwanza waitwa kwa jina la Livingstone, kwa sababu maiti yake ilipumzishwa hapo usiku mmoja, Februari 1874. Simwonei wivu; alisema kweli juu ya ubaya wa utumwa. Lakini waliomchukua mabegani kwa miezi mingi kutoka nchi ya Chifu Chitambo walikuwa watu weusi, na mmoja wao, Chuma, alikuwa amefunguliwa kutoka katika kamba za watumwa mwaka wa 1861. Aliyelala usiku mmoja akiwa maiti jina lake liko juu ya mnara. Waliolima na kusali hapo miaka yote ya maisha yao wako makaburini, na watoto wetu hawajui hata jina moja. Mwaka wa 2018 kanisa liliadhimisha miaka 150 tangu mwanzo ule. Mwalimu mwenzangu, waulize wanafunzi wako leo: miaka ile 150 ilianza na nani? Watakutajia mapadre. Nao si waongo, wametaja nusu.

Basi sasa nawajibu wapinzani wangu.

Yule wa kwanza asema, siku ya furaha isiharibiwe kwa huzuni. Ndugu yangu, fungua Biblia yako, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, uisome sheria ya sikukuu ya majuma, ambayo ndiyo Pentekoste ya Waisraeli. Mungu aliwaagiza wafurahi. Lakini angalia aliwataja kina nani katika furaha hiyo. Aliwataja mtumwa na mjakazi, mgeni, yatima na mjane. Na mara baada ya kuwaagiza furaha, akawaagiza kukumbuka ya kuwa walikuwa watumwa katika Misri. Sikuyatunga haya mimi. Sheria ya Pentekoste yenyewe, kabla Kanisa halijakuwako, ilifunga furaha na kumbukumbu ya utumwa kwa fundo moja. Ukifungua fundo hilo, ukachukua furaha ukaacha kumbukumbu, una karamu mkononi, lakini sheria umeiacha chini.

Wa pili asema, tutawaaibisha watu. Huyu namheshimu, maana neno lake lina uzito. Neno mtumwa bado ni tusi kati yetu. Kwetu Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mtu aliyeuzwa mbali alikatwa na ukoo wake kama tawi lililokatwa na mti, na wako watu ambao hata leo, wakigombana juu ya shamba au posa, hunong'onezana, “Yule bibi yake hakuwa wa hapa.” Lakini nauliza, ni nini kinachoulisha mnong'ono huo? Ni kimya chetu. Jambo lisilosemwa uwanjani husemwa nyuma ya nyumba, na huko nyuma ya nyumba halisemwi kwa huruma. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na tena, aibu ni ya nani? Mtoto wa miaka saba aliyeibwa njiani akichota maji, ameona aibu gani ya kuwaachia wajukuu wake? Aibu ni ya aliyeiba, na aliyeuza, na aliyenunua. Sisi tumeigeuza, tukamtwika aliyeibwa mzigo wa mwizi.

Hata hivyo, sisemi ya kuwa tusimame hadharani tuseme, “Fulani ni mjukuu wa mtumwa.” Huo ungekuwa ukatili. Nasema tuwataje waliokufa kwa majina yao ya ubatizo tu, bila kutaja jamaa wala ukoo, jinsi tunavyowataja marehemu wengine katika sala. Mwenye kujua kimoyomoyo ya kuwa huyo ni babu yake, atalisikia jina likitajwa kwa heshima mbele ya watu wote. Sidhani ya kuwa atakwenda nyumbani ameaibika.

Wa tatu asema, ngoma ni mambo ya washenzi. Maneno haya ni ya zamani. Wamisionari wengi wa kwanza walizikataza ngoma, wakizitupa zote katika kapu moja, ya mavuno na ya uganga, ya harusi na ya ulevi. Sikatai ya kuwa ziko ngoma zenye mambo yasiyomfaa Mkristo; kila ngoma na ipimwe peke yake. Lakini baada ya Mtaguso wa Vatikano, uliofanywa kuanzia mwaka wa 1962 hata 1965, ngoma zimeingia katika makanisa ya Kikatoliki ya nchi yetu na kulia mpaka karibu na altare, na paa halikuanguka. Asomaye Matendo ya Mitume ajua ya kuwa siku ya Pentekoste kila mtu alisikia mambo makuu ya Mungu katika lugha yake mwenyewe. Haikuandikwa ya kuwa wote walifundishwa kwanza lugha moja ya kigeni ndipo Roho akashuka. Wenye mji wa Albany walipokataza mgono ule wenye ngozi ya kondoo, walidhani wanakataza fujo. Kumbe walikuwa wanaifunga lugha pekee waliyobaki nayo watu wale. Nasi tusirudie kosa hilo kwa mikono yetu.

Lakini yuko na wa nne, ambaye hanipingi kwa maneno; hunipinga kwa matendo. Huyu aipenda ngoma sana, kwa sababu yaleta wageni, na wageni waleta fedha. Ataipanga mbele ya viti vya wakubwa, dakika kumi, kisha wachezaji wapewe soda waondoke, na hotuba ziendelee. Mchezaji hajui ngoma ile ilichezwa kwa sababu gani, wala mgeni hakuambiwa. Huyu namhesabu kuwa hatari kuliko yule wa tatu. Yule akataza ngoma, nayo huendelea kichakani. Huyu aibakiza ngozi na mti, aondoa maana. Na iliyoondolewa maana haina tena mahali pa kukimbilia. Methali yasema, mcheza kwao hutunzwa. Haikusema, mcheza mbele ya mgeni hulipwa. Na nyingine yasema, mwacha asili ni mtumwa. Basi aiuzaye asili kwa dakika kumi tumwiteje?

Wala sisemi ya kuwa wageni wasije. Waje, wakaribishwe, wale nasi. Nasema wakae katika duara pamoja nasi, wasikie kwanza, ndipo waone.

Sasa, mtu asipinge tu bila kusema lifaalo kufanywa. Nashauri mambo manne, nayo hayahitaji mfuko mkubwa.

Kwanza, siku ya Jumatatu baada ya Jumapili ya Pentekoste, katika kila mahali palipokuwa kituo cha kale, mwalimu asome mbele ya watu habari fupi ya mahali hapo, isiyozidi robo saa: ni nani waliokuja, kutoka wapi, na kwa nini, tena asiyarukie mabaya ya kwetu wenyewe. Pili, yasomwe majina ya ubatizo ya wale wa kwanza, kutoka katika vitabu vya misheni vilivyobaki, kwa namna niliyokwisha kueleza, na kengele igongwe. Tatu, ngoma ipigwe na wanakijiji wenyewe, wazee wakiongoza, na kabla haijaanza mzee mmoja awaeleze watoto ni ngoma gani, ya nini, na nani alimfundisha yeye. Nne, chakula cha siku hiyo kisiandaliwe kwanza kwa wakubwa. Waanze wale waliotajwa katika sheria: yatima, mjane, mgeni, na mfanyakazi wa nyumbani. Maana hata leo wako wasichana wanaochukuliwa kutoka milimani kwa ahadi ya shule, wakafika mjini wakawa watumishi wasiolipwa, wakilala jikoni kama watumwa wa Hudson. Kijiji kinachokumbuka utumwa wa kale kitamwona msichana huyo. Kijiji kilichousahau kitampigia makofi tajiri wake siku ya harambee.

Hii ndiyo faida ninayoitafuta. Sitafuti machozi, wala sitafuti kisasi juu ya mtu ye yote aliye hai. Natafuta kwamba mtoto wa Matombo, au wa Mgeta, au wa Mhonda, akisikia ngoma ya Pentekoste, ajue ya kuwa yalia kwa ajili ya watu waliofunguliwa, na ya kuwa asikubali yeye kumfunga mwingine, wala kufungwa.

Walimu wenzangu, vitabu vya ubatizo vinaliwa na mchwa, na wazee wanaokumbuka masimulizi ya bibi zao wanapungua kila masika. Watu wa Albany walingoja miaka 200 kuifuta amri mbaya. Sisi hatuna amri ya kufuta. Tunalo kimya tu, na kimya hukoma siku ile mtu mmoja anapofungua kinywa. Pentekoste ijayo, mtu huyo awe wewe.